Koko ni Wako, Chotara ni Wangu

Kuku akiitwa wa kienyeji, bei inapanda. Nenda baa yoyote ya Dar es Salaam uulize, utatajiwa bei mbili: ya kuku wa kisasa, ambayo mhudumu huitaja haraka haraka, na ya kuku wa kienyeji, ambayo huitaja taratibu ili uisikie vizuri. Mahindi yakiitwa chotara, bwana shamba anayasifu mkutanoni na mwenye duka anaupanga mfuko wa mbegu mbele. Ng'ombe ndiyo usiseme. Kule Mpwapwa, Dodoma, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, walichanganya damu ya ng'ombe wa Asia, wa Ulaya na wa hapa kwetu hadi wakapata aina mpya, wakaipa jina la Mpwapwa. Ng'ombe chotara ana wilaya!

Mbwa je? Akiitwa wa kienyeji, amekwisha. Akiitwa chotara, utaulizwa chotara wa nini na nini, na ukibabaika kujibu amekwisha vilevile. Akiitwa koko, hapo hatuzungumzii tena mnyama, tunazungumzia tabia. Mwanamume anayerudi nyumbani usiku wa manane huambiwa anatangatanga kama mbwa koko. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa anatangatanga kama jemani shepadi, ingawa ninamfahamu jemani shepadi mmoja aliyetangatanga vizuri sana, na habari zake zinakuja.

Jambo hili nimelifikiria kuliko inavyomstahili mtu mwenye kazi na watoto. Haya majina tunayowapa mbwa wasio na cheti, ni matusi? Na kama ni matusi, anayetukanwa hasa ni nani?

Kwanza nimtambulishe mhusika. Nyumbani kwetu Kinyerezi tuna mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye masikio mawili yasiyoelewana: moja limesimama, jingine limelala. Kifua chembamba, miguu mirefu, mkia umejikunja juu ya mgongo. Hatukumnunua wala hatukupewa. Alikuja mwenyewe wakati tunajenga, akala ugali wa mafundi, mafundi wakaondoka yeye akabaki. Siku tunahamia tulimkuta ameshahamia. Nadhani kisheria yeye ndiye aliyetupokea.

Jina alimpa mke wangu. Ujenzi wetu ulikuwa wa kudunduliza. Msingi ulikaa hadi ukaota nyasi, na majirani walisema waliyosema: hela imekata, mwenye nyumba kafungwa, mke kakimbia. Mke wangu si mtu wa kugombana. Mwanamke mwenye neno la kumwambia jirani hununua kanga yenye neno hilo, akajifunga na kupita nayo mbele ya mlango unaohusika. Yeye alipiga hesabu akaona kanga huchuja, tena jirani anaweza kujifanya hajaisoma. Akamwita mbwa Waache Waseme. Mbwa huitwa kwa sauti, asubuhi na jioni, na ya kuitia ni ile ya kusikika ng'ambo ya uzio.

Kwa matumizi ya kila siku jina likafupishwa likawa Waache, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Akiwafukuza mbuzi wa watu, nami nikapiga kelele "Waache!", anageuka mara moja na kuja. Watu wanamsifia kwa utii. Kama anatii au anaitika tu, mimi sijui, na sifa sikatai. Lakini usiku mmoja walikuja wezi wa pampu ya maji. Nilisikia chuma kikigongana, nikafungua dirisha, na kwa hofu niliyokuwa nayo nikamwita mlinzi wangu kwa pumzi zote: "Waache! Waache! Waache!" Mtaa mzima ulinisikia. Mbwa alikuja chini ya dirisha akatikisa mkia. Wezi nao bila shaka walinisikia, maana walimalizia kufungua nati zilizobaki na kuondoka na pampu bila haraka yoyote. Asubuhi majirani walikuja kunipa pole, na mmoja akaniuliza, kwa upole sana, wale jamaa ni ndugu zangu wa upande gani.

Huyo ndiye mbwa niliyempeleka kuchanjwa. Sehemu nyingi kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa hufanyika kuelekea tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na kwetu zoezi liliwekwa uwanjani mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mbwa walikuja wamefungwa kwa kila kinachofunga: kamba ya katani, mkanda wa suruali, waya wa umeme, kipande cha chandarua. Mtoto mmoja alimbeba wake mgongoni kwa kanga, kichwa kimetokeza, na katika foleni nzima yule ndiye aliyekuwa na utulivu. Karani alikaa mezani na rundo la kadi.

"Jina la mbwa?"

"Waache Waseme."

Akaniangalia. "Mzee, nimeuliza jina la mbwa."

Tukalimaliza hilo. Rangi? Ya mchanga. Aina? Kabla sijafungua mdomo niliona kalamu imeshaandika: koko.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "huyu si koko. Koko hana kwao. Huyu ana kwao, ana bakuli, na mwenye nyumba ndiye mimi niliyeshika kamba."

"Sasa unataka niandike nini?"

"Andika wa kienyeji."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

"Si hiyohiyo hata kidogo."

Nyuma yangu mbwa walikuwa wameanza kujuana, na kujuana kwao hakukuwa kuzuri. Mama mmoja aliyekuwa ameshika wawili kwa mkono mmoja akapaza sauti: "Baba, wachanjwe watu tuondoke, hapa hatuozeshi!" Uwanja ukacheka. Daktari wa mifugo, ambaye muda wote huo hakuinua kichwa, akasema, "Huyu tayari, anayefuata." Sindano ilishaingia na kutoka. Waache hakulia. Hakugeuka hata. Yeye alidungwa, mimi nikaondoka na maumivu.

Nadhani jibu la nusu ya swali langu lilipatikana pale pale mezani. Mbwa ukimwita koko, jemedari au mheshimiwa waziri, yeye anasikiliza sauti yako ina chakula au ina fimbo. Tusi lote humwendea aliyeshika kamba. Karani hakumdharau Waache. Alinitazama viatu, akatazama kamba, akajua aina.

Basi nikaingia kwenye vitabu, kama afanyavyo kila aliyeshindwa ugomvi hadharani. Koko, kwa Kiswahili tunachosema, ni mbwa asiye na mwenyewe. Neno hilo halina habari na baba yake wala mama yake. Jemani shepadi mwenye vyeti akitupwa Jangwani leo, kesho ni koko. Chotara ni jambo jingine: ni mtoto wa aina mbili. Neno hili lina tabu yake, kwa kuwa tunawaita na watu, na wapo wasiolipenda. Mtu asiyependa kuitwa jina fulani usimwite, hilo halihitaji insha. Ila kwa mbwa wetu tatizo si adabu, ni usahihi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Wengi wa Namibia walionekana kuwa na mchanganyiko mkubwa wa mbwa wa kigeni. Wale wa Uganda kwa sehemu kubwa walikuwa wa asili ya hukuhuku, wasiochanganywa na yeyote. Waache sijampima, lakini ukimtazama mkia ule na miguu ile, hakuna dalili ya shangazi Mzungu.

Sasa mgeukie huyo anayeitwa safi. Jemani shepadi alianza kuwa jemani shepadi mwaka 1899, pale ofisa mmoja wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz aliponunua mbwa kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akamwita Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari. Kabla ya hapo walikuwapo mbwa wa wachungaji tu, wa mkoa huu na mkoa ule, wa kila umbo na kila sikio. Yaani Wajerumani walikuwa wameshajitangazia utawala huku kwetu zaidi ya miaka kumi kabla hawajaandikisha mbwa wao. Babu yake Waache huenda aliwabwekea kabla shepadi wa kwanza hajazaliwa. Usafi wa damu ni daftari. Mwenye kalamu ndiye aliyewahi.

Lipo neno la tatu ambalo silisamehe. Walowezi wa Kenya, enzi zao, mbwa wa wenyeji walimwita shenzi. Neno letu, wakalichukua wao, wakampa mbwa wetu, na wala hawakumkusudia mbwa peke yake. Lakini dunia ina vituko. Katika miaka ya 1930 Waingereza walichukua mbwa wadogo kutoka Kongo, wenye mkia wa kujikunja na paji la uso lenye mikunjo, wasiobweka kama wengine bali hutoa sauti ya kuimbaimba. Mwaka 1937 wakawaonyesha kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, London, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikawatambua kuwa aina rasmi. Jina? Basenji. Ndiyo washenzi wale wale, kwa lafudhi ya Kongo. Leo kuna mtu Ulaya analipa fedha nyingi apate Mshenzi halisi mwenye cheti cha kuthibitisha kwamba ushenzi wake haukuchanganywa na kitu.

Wenzetu wengine wana maneno yao. Bahamas mbwa wa mitaani huitwa potcake, maana yake ule ukoko wa wali unaobaki chini ya sufuria, ambao ndio waliokuwa wakitupiwa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: wa kwao ukoko, wa kwetu koko, na wote wamelelewa na sufuria moja. Ufilipino walikuwa na askal, ufupisho wa maneno yenye maana ya mbwa wa barabarani, hadi watetezi wa wanyama walipoona ni dharau, wakaleta aspin, yaani mbwa Mfilipino. Wakati huohuo timu ya taifa ya soka ya nchi hiyo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Azkals, na washabiki wakalishangilia uwanjani. Neno moja, huku lilifutwa kwa kuwa ni tusi, kule likapigiwa makofi. Jina jipya sina ubishi nalo, ila halijazi bakuli.

Haya, sasa jirani.

Jirani wa geti jeusi ana jike la jemani shepadi liitwalo Kwini. Kwini ana karatasi. Karatasi zina majina ya babu zake na bibi zake, na jirani huyataja kwa mpangilio, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa wa kwake mwenyewe. Getini kuna kibao: Tahadhari, Mbwa Mkali. Radi ikipiga, Mbwa Mkali huingia chini ya gari na hatoki mpaka abembelezwe. Simcheki, maana mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, na aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia. Zilizobaki ni za mbwa mwenyewe na maisha yake. Kwini na maisha yake ya biskuti amefikia uamuzi kwamba radi ni hatari, na si uongo.

Tangu tuhamie, jirani huyu hajawahi kulitaja jina la mbwa wangu. Nadhani alijua linamhusu. Alisema tu "yule koko wako". Koko wako kapita kwangu, koko wako kabweka usiku. Nilimrekebisha mara ya kwanza, baadaye nikachoka.

Ndipo siku moja boza la maji likaja kwake, geti likafunguliwa, dereva akasimama kuzungumza na simu. Yaliyofuata sikuyaona, na walioyaona walikuwa watoto wa shule, ambao wameyasimulia vya kutosha. Jioni jirani aligonga kwangu. Hakukaa.

"Jirani, koko wako ameniharibia."

"Ameharibu nini?"

"Kwini."

Alitaka laki nne. Alikuwa ameshapanga dume Mbezi Beach, dume lenye karatasi, tarehe imewekwa na kila kitu, na sasa heshima ya Kwini imeshuka. Nikamwambia sina laki nne, na hata ningekuwa nazo, mambo ya watu wazima tusiyaingilie. Akasema twende kwa mjumbe.

Mjumbe wetu wa shina ni mzee aliyestaafu reli, mtu wa swala tano, ambaye ameamua kesi za mipaka, za madeni na za mimba za watoto wa watu. Alitupokea barazani akiwa na kanzu yake, akaomba kwanza mbwa waishie pale kwenye mwembe wasisogee, maana akiguswa na mate yao ana kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, na kisima kimepungua. Waache akalala kivulini. Kwini akalala karibu yake, tena karibu kuliko ilivyomfaa mlalamikaji.

"Kesi ya mimba ya mbwa sijawahi," alisema mzee, "lakini mimba ni mimba. Jike alikuwa wapi?"

"Ndani kwangu," jirani akajibu.

"Dume?"

"Nje, huko anakozurura."

"Tendo lilitendeka ndani au nje?"

Kimya. Jirani akatazama geti lake kwa mbali. "Nje."

"Kwa hiyo binti ndiye aliyetoka." Mzee akaandika kitu kwenye daftari. Sikuona alichoandika, lakini niliketi vizuri zaidi.

Jirani akaona mambo yanamwendea upande, akapandisha sauti. Hapa hatuzungumzii nani alitoka, alisema, tunazungumzia hadhi. Mbwa wa milioni kuzalishwa na koko! Koko mzoefu, asiye na mbele wala nyuma!

Mzee akaweka kalamu chini. "Hebu nielewe. Umesema huyu dume ni koko?"

"Mtaa mzima unajua."

"Koko ni mbwa asiye na mwenyewe. Sasa kama hana mwenyewe, huyu bwana hapa umemleta wa nini? Yeye si mwenye mbwa. Nenda kamdai koko. Na kama unataka huyu bwana akulipe, basi useme mbele yangu kwamba mbwa ana mwenyewe, ana kwao, si koko. Chagua moja, niandike."

Nilitamani karani wa chanjo angekuwepo kuisikia hoja yangu ikisomwa na mahakama. Furaha hiyo haikudumu. Nilipiga hesabu ya haraka nikaona kwamba hoja yangu, ikishinda, inanigharimu laki nne. Mimi niliyesimamisha foleni nzima ya mbwa nikitetea kwamba Waache ana mwenyewe, nilijikuta kimoyomoyo namwombea jirani ashikilie msimamo. Sema koko, jirani. Ulisema siku zote, sema na leo. Nilimtazama Waache pale chini ya mwembe, naye akanitazama, sikio moja limesimama.

Jirani alifikiri. Uso wake ulipita mahali pengi. Mwishowe laki nne zikashinda. "Haya," alisema kwa shida, "si koko."

"Anaitwa nani?" mzee akauliza, kalamu mkononi.

Jirani akameza mate. Ilibidi alitamke yeye, maana ndiye mlalamikaji. "Waache Waseme."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo, aliinama ghafla kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Sikulipa. Mzee aliahirisha kesi hadi mimba ithibitike, na aliyeithibitisha, daktari wa mifugo wa jirani mwenyewe, alisema ukweli ambao haukumsaidia mteja wake: jike akipandwa na madume zaidi ya mmoja katika kipindi kile, watoto wa mzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Alipoulizwa kama geti lilifunguka siku hiyo moja tu, jirani akaomba kesi iondolewe. Siku kama 63 zilipotimia Kwini alizaa, na kwenye ule mzao kuna mmoja wa rangi ya mchanga ambaye masikio yake hayaelewani. Nilikwenda kumwona. Hakuna daktari aliyehitajika.

Nilidhani jirani atawagawa usiku, kwenye boksi, kwa aibu. Baada ya wiki kadhaa nikaona kibao kipya getini, chini ya kile cha Mbwa Mkali: Wanauzwa watoto chotara wa jemani shepadi, wana kinga ya asili, wamezoea hali ya hewa. Bei laki na nusu kila mmoja, maelewano yapo. Nikamkuta anaumwagia maji mche wa mwembe, nikamuuliza kwa heshima: chotara wa jemani shepadi na nini?

Hakupepesa jicho. "Na mbwa wa asili wa Afrika Mashariki."

Waache, akiwa kwangu, ni koko. Akiwa baba wa bidhaa, ni mbwa wa asili. Hakuongezewa nywele hata moja.

Nisimwonee jirani, kwani mbinu hiyo ina historia. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza vipofu, alichanganya labrador na poodle kwa ajili ya mama mmoja kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa. Walizaliwa watatu, mmoja akafaa, jina lake Sultan. Wawili waliobaki hakuna aliyewataka. Orodha ya wanaosubiri mbwa ilikuwa ndefu, lakini kila aliyepigiwa simu alisema chotara hapana, atasubiri mbwa safi. Conron akatangaza kwamba kituo kimepata aina mpya ya mbwa iitwayo labradoodle. Simu zikaanza kulia. Mbwa wale wale. Leo labradoodle huuzwa ghali, na Conron mwenyewe baadaye alisema anajuta kulianzisha jambo hilo, kwa jinsi watu walivyoanza kuchanganya mbwa ovyo kwa tamaa ya fedha.

Hata Ikulu ya Marekani neno hili limepita. Novemba 2008, siku chache baada ya kushinda uchaguzi, Barack Obama aliulizwa wataleta mbwa gani. Akasema wangependa mmoja kutoka makazi ya mbwa wasio na wenyewe, lakini wengi wa hao ni chotara kama yeye. Mtoto wa baba kutoka Kogelo na mama wa Kansas, kajiita kwa mdomo wake neno ambalo Kimarekani hutumiwa kwa mbwa wasio na karatasi, na waandishi wakacheka, kwa sababu aliyeshika kamba ya neno hilo ni yeye mwenyewe. Kisha, Aprili 2009, familia ikapokea mbwa: Bo, mbwa wa maji wa Kireno, damu safi, zawadi ya Seneta Ted Kennedy. Hata chotara akipata nyumba kubwa huletewa mwenye cheti.

Kwa hiyo uamuzi wangu, kwa anayeuhitaji, ni huu. Koko mwite koko kama kweli hana kwao, maana ndiyo hali yake. Chotara mwite chotara kama unawajua wazazi wote wawili. Shenzi liache, halikuwa la mbwa tangu mwanzo. Na ukiwa mbele ya karani, ng'arisha viatu kabla hajafika kwenye aina.

Watoto wa Kwini waliobaki ni wawili, dume na jike. Wamefikisha miezi mitatu, chanjo ya kichaa wamepata na kadi zipo. Anayetaka aende geti jeusi, asiogope kibao, radi haijapiga wiki hii. Aseme ametumwa na upande wa mume. Atapunguziwa elfu ishirini, tumeshaelewana.